Pikapu za anasa hazifiki Hulugho wakati wa mvua

KILA mwaka mpya wa fedha unapoanza Julai 1, idara za serikali kuu na serikali za kaunti huandaa orodha ya magari zinayonuia kununua au kukodisha. Katika sehemu nyingi za nchi, orodha hiyo hupita bila kuzua mjadala wowote.

Garissa ni tofauti. Huko lami hukoma punde tu msafiri anapoacha barabara kuu, na aina ya pikapu itakayoagizwa, hasa daraja lake, huweza kuamua iwapo mama aliyeshikwa na uchungu wa kujifungua kule Hulugho atafikishwa hospitalini au la.

Daraja linalozungumziwa hapa ni lile la wauzaji wa magari. Pikapu moja, yenye jina moja, huuzwa katika matoleo kadhaa. La chini huwa na rimu za chuma, viti vya plastiki au kitambaa, vioo vya kuzungushwa kwa mkono na gia za kubadilishwa na dereva. La juu huja na viti vya ngozi, skrini kubwa, rimu za aloi zinazong'aa na gia zinazojibadilisha zenyewe. Tofauti ya bei baina ya matoleo hayo mawili huweza kufikia mamilioni ya shilingi.

Swali ni je, mamilioni hayo humnunulia nini mkazi wa Fafi, Ijara au Lagdera?

Ili kulijibu, ni sharti kwanza kuitazama ardhi yenyewe. Kaunti ya Garissa ina ukubwa wa takriban kilomita mraba 44,000, na sensa ya 2019 ilihesabu wakazi 841,353. Kutoka Nairobi kupitia Thika na Mwingi kuna lami hadi mjini Garissa, mwendo wa kilomita zipatazo 370. Lakini ukiuacha mji huo kuelekea vijijini, unakutana na mchanga mwingi, changarawe yenye matuta madogo madogo yanayotingisha kila nati, na upande wa Ijara udongo mweusi ambao hunata kama ugali pindi unapolowa. Hapo katikati zipo laga, yaani mikondo ya maji ya msimu, ambayo huwa kavu kwa miezi kadhaa kisha hufurika kwa saa chache.

Isitoshe, hali ya hewa yenyewe haitabiriki. Kati ya mwishoni mwa 2020 na mwishoni mwa 2022, misimu 5 mfululizo ya mvua ilikosekana, na magari ya kaunti na mashirika yakawa yakipeleka maji na mafundi wa visima katika vumbi zito. Novemba 2023 ikaja mvua ya El Nino, Mto Tana ukavunja kingo zake na mji wa Garissa ukatengwa na Nairobi katika eneo la Madogo. Mafuriko yakarejea miezi michache baadaye, na Aprili 28, 2024 watu kadhaa walifariki mashua iliyokuwa ikiwavusha ilipozama papo hapo Madogo.

Hakuna pikapu ya daraja lolote ambayo ingevuka maji yale. Hata hivyo, ndani ya kaunti kulikuwa na vijiji vingi vilivyotengwa na maji ya kimo cha magoti au tope la mita mia mbili tu, na hapo ndipo vifaa vya gari huonyesha thamani yake.

Chukua mfano wa difu. Katika gari la kawaida, nguvu ya injini hukimbilia gurudumu lisilo na upinzani. Gurudumu moja likiwa hewani au kwenye tope laini, hilo ndilo litakalozunguka bure huku mwenzake aliye kwenye ardhi ngumu akitulia tuli. Ndiyo maana dereva huweza kuwa na gari linalosukuma magurudumu yote manne na bado akalala njiani. Kifaa cha kufunga difu huyalazimisha magurudumu mawili ya ekseli moja yazunguke kwa pamoja, na gari likatoka. Kifaa hicho hakionekani kikiwa chini ya gari. Hakimpi afisa heshima yoyote anaposhuka mbele ya hoteli. Kwa magari mengine huuzwa kama nyongeza ya kulipiwa, na ndicho kitu cha kwanza kukatwa mnunuzi anapotafuta pesa za kupandia daraja la juu.

Au chukua bomba la kuvutia hewa lililoinuliwa hadi usawa wa paa. Wengi hudhani ni pambo, au kibali cha kuingia mtoni. Kazi yake kubwa Garissa ni ya kiangazi: huvuta hewa kutoka juu, ambako vumbi linalotimuliwa na gari lililo mbele ni haba, na hivyo kichujio cha hewa hudumu. Wakati wa mvua, huzuia injini isimeze maji. Maji hayabanwi kama hewa; yakiingia ndani ya silinda injini ikiwa inazunguka, hupinda vyuma, na gari lililokuwa jipya jana huvutwa kwa trela hadi Nairobi.

Tairi nazo zina siasa zake. Dabo-kebini za daraja la juu huja na rimu za aloi za inchi 18 na tairi zenye ukingo mfupi. Zinapendeza kwenye lami. Kwenye mawe, ukingo huo mfupi hukatika upesi, na rimu ya aloi ikipata pigo kali hupasuka. Rimu ya chuma hupinda, na fundi wa kando ya barabara huinyoosha kwa nyundo. Toyota Land Cruiser za kazi kwa miaka mingi zimekuwa zikiuzwa na tairi nyembamba za 7.50R16 zenye mpira wa ndani, ambazo dereva na utingo wake huweza kuzifungua, kuziba na kuzijaza upepo wenyewe chini ya mti. Hiyo ni teknolojia ya kale, lakini haihitaji mashine.

Tukiitaja Land Cruiser, hatuna budi kueleza kwa nini imeshamiri kiasi hicho kaskazini mwa Kenya. Familia ya pikapu hizo, inayojulikana kama 70, ilizinduliwa 1984, na kwa soko la humu nchini zimekuwa zikiunganishwa Mombasa katika kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers. Injini yake maarufu ya dizeli, ya lita 4.2, silinda 6 na isiyo na tabo, ilianza kutengenezwa 1990. Nguvu zake ni za farasi 130 hivi, ilhali Hilux mpya ya lita 2.8 yenye tabo hupita 200. Kwa karatasi, mzee ameshindwa. Lakini injini hiyo kongwe haitegemei kompyuta, na huvumilia dizeli ya mapipa ambayo injini za kisasa hukataa. Wakenya hawajasahau jinsi mafuta yalivyokuwa yakichanganywa na mafuta taa hadi serikali ikaongeza ushuru wa mafuta taa Septemba 2018 ili kuukomesha mchezo huo.

Hapo ndipo kanuni za serikali kuhusu ukubwa wa injini zinapokosa shabaha. Itakumbukwa kwamba katika bajeti ya Juni 2009, Uhuru Kenyatta, wakati huo akiwa Waziri wa Fedha, aliwataka mawaziri warejeshe magari yao makubwa na kutumia yasiyozidi cc 1,800. Volkswagen Passat zikanunuliwa. Nia ilikuwa njema, na mjini Nairobi hoja yake ilieleweka. Lakini ukubwa wa injini si kipimo cha anasa. Pikapu ya lita 4.2 yenye viti vya plastiki ni ya kimaskini kuliko dabo-kebini ya lita 2 iliyovishwa ngozi hadi kwenye usukani. Anayepima kwa cc peke yake humwadhibu mwenye trekta na kumsamehe mwenye lulu.

Hata hivyo, si haki kudai kwamba kila kilichomo katika daraja la juu ni upuuzi. Mifuko ya hewa inayofumuka gari linapogonga, na breki zisizokwama, huokoa maisha, na barabara ya lami ya kwenda Garissa imenyonyoka kiasi cha kumshawishi dereva yeyote akanyage mafuta. Mifumo ya kielektroniki ya kuzuia gurudumu lisiteleze pia imeendelea sana, na katika mchanga mwepesi humsaidia dereva asiye na uzoefu kuliko kifaa cha difu asichojua kukitumia. Na kiyoyozi katika mji ambako joto hupita nyuzi 35 kwa miezi mingi ya mwaka si anasa hata kidogo, hasa nyuma ya gari kukiwa na mgonjwa au sanduku la chanjo.

Tatizo ni kwamba wauzaji hufunga vitu hivi katika kifurushi kimoja. Anayetaka mifuko ya hewa ya ziada huambiwa achukue na ngozi. Anayetaka rimu za chuma huambiwa akose kiyoyozi. Umoja wa Mataifa na mashirika ya misaada, ambayo yamekuwa yakihudumu Dadaab tangu kambi za wakimbizi zifunguliwe 1991, yaliikwepa hila hii zamani. Huagiza gari tupu la kazi, kisha huliongezea yanachohitaji: redio ya masafa marefu, tangi la pili la mafuta, winchi, bomba la hewa. Serikali inayonunua magari kwa makumi ina nguvu hiyo hiyo ya kumwambia muuzaji inachotaka. Ni mara chache huitumia.

Kwa nini? Jibu limo katika karatasi ambazo mwananchi hazioni. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015, katika kifungu cha 60, inakataza zabuni kutaja jina la kampuni fulani isipokuwa pale ambapo hakuna njia nyingine ya kueleza kinachotakiwa. Kwa hivyo afisa haandiki jina la gari; huandika sifa zake. Akitaja skrini ya inchi kadhaa na viti vya ngozi, amekwisha kuchagua daraja, na magari ya kazi yametupwa nje kabla ya bei kufunguliwa. Akitaja kufungwa kwa difu mbele na nyuma, springi za mabamba nyuma na tangi la lita zisizopungua 120, amechagua upande mwingine. Zabuni huamuliwa katika ukurasa huo, na anayeuandika kwa kawaida ni mtu wa ofisini atakayepanda gari hilo, wala si dereva atakayelala nalo njiani.

Mpango wa kukodisha magari ya polisi, ulioanzishwa katika mwaka wa fedha wa 2013/2014, ulitarajiwa kupunguza gharama za kununua na kukarabati. Umeleta magari mengi vituoni, na hilo ni jambo la kupongezwa. Lakini mkataba unaotayarishwa Nairobi kwa ajili ya nchi nzima huelekea kuagiza gari la aina moja kwa Nyeri yenye lami na kwa Liboi isiyo nayo.

Na kwa upande wa usalama, hapana budi kusema wazi kwamba kuna hatari ambayo daraja la gari haliwezi kuitibu. Juni 2023, maafisa 8 wa polisi waliuawa katika kaunti ya Garissa gari lao lilipolipuliwa na bomu lililotegwa barabarani. Pikapu isiyo na kinga ya vilipuzi, iwe ya plastiki au ya ngozi, ni bati tu mbele ya mtego wa aina hiyo. Doria za mpakani zinahitaji magari ya kivita, na pesa zinazotumika kumpandisha mkurugenzi daraja ni pesa ambazo hazikwenda huko.

Anayetaka ushahidi wa soko na awatazame wanaonunua kwa pesa zao wenyewe. Wafanyabiashara wa mifugo na wasafirishaji wa miraa hawalipii skrini kwa gari litakalobebeshwa mbuzi. Hutafuta lililo na chuma kizito na vipuri vinavyopatikana mjini, mara nyingi lililokwisha kutumika, na kiasi kinachosalia hukiweka kwenye tairi. Hesabu yao ni fupi: gari likilala siku mbili, mzigo umeoza.

Bunge la Kaunti ya Garissa ndilo lenye mamlaka ya kuidhinisha bajeti ya kaunti, na kamati zake zinaweza kudai kuuona ukurasa wa masharti kabla ya zabuni kutangazwa. Maswali hayahitaji uhandisi. Tairi hizi ni za ukubwa gani, na je, zinauzwa Garissa? Difu inafungwa? Gereji iliyo karibu inayoweza kusoma kompyuta ya gari hili iko wapi?

Aidha, sheria hiyo hiyo ya 2015 inataka pawe na kamati ya kukagua na kupokea bidhaa kabla hazijalipiwa. Kwa kawaida wanakamati hulizunguka gari likiwa limeegeshwa uani, wakalinganisha nambari ya injini na stakabadhi. Hakuna kipengele kinachowazuia kulitia mzigo wa tani moja na kulipeleka katika mchanga wa laga iliyo karibu kabla ya kutia sahihi.