Kabla ya kukabidhiwa funguo



Miaka michache iliyopita kijana mmoja wa hapa kwetu Pemba alinijia baada ya Misa akitaka barua ya utambulisho. Alikuwa anaomba kazi ya uaskari wa kulinda wafungwa. Nilimwandikia mistari mitatu: ni Mkristo, ana maadili mema, namtakia heri. Nikagonga mhuri, akaenda zake. Sikumuuliza hata swali moja. Aliporudi likizo, tayari ameajiriwa, aliniuliza jambo ambalo mpaka leo halijanitoka: “Padre, mtu akinitukana kila siku, na funguo ninazo mimi, nifanyeje nisije nikawa mtu mbaya?”

Hapo nikatambua kwamba swali hilo ningepaswa kumuuliza mimi, siku ile ya barua.

Wenzetu wa Bara husema Magereza. Huku Visiwani chombo hicho kinaitwa Chuo cha Mafunzo, na Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 inakitaja miongoni mwa Idara Maalum, pamoja na JKU na KMKM. Anayetumikia kifungo huitwa mwanafunzi. Wapo wanaolifanyia mzaha jina hilo. Mimi nalichukua kwa uzito wake wote. Kama aliyefungwa ni mwanafunzi, basi askari wa cheo cha chini kabisa ni mwalimu. Wakubwa wa chuo mwanafunzi huyo huwaona kwa nadra. Kijana huyu atamwona asubuhi akihesabiwa na jioni akifungiwa, na kwake yeye ndiye atakayekuwa sura ya serikali.

Ni nini basi anachofundishwa kijana wa namna hiyo? Sote tunajua gwaride, mbio za alfajiri, nidhamu ya kutii amri. Kuna pia sheria, matumizi ya silaha, upekuzi, na kuhesabu watu bila kukosea. Hayo ni ya lazima, na tusiyadharau. Lakini Umoja wa Mataifa ulipopitisha Kanuni za Mandela, tarehe 17 Desemba 2015, ulidai zaidi ya hapo. Kanuni hizo, zilizopewa jina la mtu aliyekaa kifungoni miaka 27, zinataka askari afunzwe kabla ya kuanza kazi na aendelee kufunzwa akiwa kazini. Ajue huduma ya kwanza. Atambue mapema dalili za mtu anayeanza kuugua akili. Ajue kutuliza ugomvi kwa mazungumzo kabla hajafikiria kutumia nguvu.

Sasa fungua Biblia yako, Matendo ya Mitume sura ya 16. Paulo na Sila wamepigwa sana kwa bakora mjini Filipi. Mlinzi wa gereza anaamriwa awalinde sana. Anawatupa katika chumba cha ndani kabisa na kuwafunga miguu kwenye mkatale. Kwa kipimo cha kazi yake, hana kosa: ametii amri na milango imefungwa. Anakwenda kulala.

Usiku wa manane tetemeko linafungua milango yote. Mlinzi anachomoa upanga ajiue, akidhani wafungwa wametoroka. Hofu hiyo haikuwa bure, kwani sura ya 12 inatusimulia jinsi Herode alivyoamuru walinzi wauawe baada ya Petro kutoka gerezani. Paulo anapaza sauti kumzuia: wote wapo. Mlinzi anaomba taa, anaingia ndani, na saa ile ile ya usiku anawaosha majeraha yao.

Tafakari hapo, ndugu yangu. Majeraha yale hayakuanza usiku ule. Yalikuwepo jioni, mlinzi alipokuwa akiwafunga miguu kwa mikono yake mwenyewe. Damu ilikuwa mbele yake, lakini yeye aliona wafungwa wawili wa kulindwa. Ilihitajika tetemeko la nchi, na taa, ili aone watu wawili wenye maumivu. Baada ya hapo haikosi nyumba yake furaha: yeye na jamaa yake wanabatizwa, anawaandalia chakula mezani kwake.

Mafunzo mema ndiyo taa hiyo. Kazi yake ni kumwonyesha askari majeraha ya mtu jioni, kabla ya tetemeko. Lakini tusilitwishe jeshi mzigo wote. Miezi ya kambini haiwezi kumgeuza kabisa mtu aliyelelewa miaka ishirini katika nyumba ambamo mwenye nguvu hupiga na mdogo hunyamaza. Samaki mkunje angali mbichi. Mzazi, mwanao akipata ajira hii unashukuru, na una haki: kuna mshahara, na baadaye pensheni. Lakini je, umemfundisha kushika mamlaka bila kulewa? Msichana wa kazi nyumbani kwako anaitwaje, na husemeshwa vipi? Mwanao anajifunzia hapo.

Hapa Pemba kijana Mkristo atafanya kazi bega kwa bega na wenzake Waislamu, tena wengi kuliko yeye. Asiogope. Habari za Yusufu aliyefungwa bila hatia ni zetu sote, wao wakimwita Nabii Yusuf. Katika Mwanzo 39 mkuu wa gereza alimtazama mfungwa huyo, akaona mtu wa kuaminika, akampa kazi.

Nasi jumuiya ndogo ndogo, katika Mathayo 25 Bwana anajitambulisha na aliye kifungoni. Tufuate utaratibu, tuombe kibali, tuwatembelee wafungwa tukiwa na sabuni na neno la faraja. Tukifika, tumsalimu na askari wa mlangoni. Naye yuko ndani ya kuta zile siku nzima, na ni wachache wanaomwombea.

Yule kijana nilimjibu hivi: kila jioni, kabla ya kulala, mkumbuke mfungwa mmoja kwa jina lake mbele ya Mungu, hasa yule aliyekutukana. Siku utakayoona huwakumbuki ila kwa idadi, njoo haraka tuzungumze.

Barua za utambulisho bado naandika. Ila siku hizi, kabla ya mhuri, namkalisha kijana na kumuuliza mawili. Mara ya mwisho ulipomkasirikia mtu mdogo kuliko wewe, ulifanya nini? Na mama maskini akikuletea elfu tano ili amwone mwanawe, utamjibuje? Wengine hujibu upesi mno. Hao nawaomba warudi wiki ijayo.

Nakutakia Dominika njema.