Seva nazo zihesabiwe kama magunia

MFANYABIASHARA wa mbaazi wa Katesh hafungi hesabu za mwaka bila kukagua ghala. Hutaka kujua magunia mangapi yamo, ni ya msimu gani na yapi yamebunguliwa. Lakini yeye, na mwenzake wa vitunguu saumu wa Mbulu, hulipia tovuti au mfumo wa mauzo kila mwaka bila kuuliza seva yake ina nini ndani.

Uzembe huo una bei. Seva si kitu kimoja: ina mfumo endeshi, programu ya kutoa kurasa, lugha kama PHP, hifadhidata na maktaba nyingi ndogo zilizoandikwa na watu mbalimbali. Moja ikioza, mali yote imo hatarini.

Mwaka 2017 wezi waliingia katika kampuni ya Equifax ya Marekani kupitia sehemu moja iitwayo Apache Struts. Kiraka cha kuiziba kilikuwa kimetolewa tangu Machi, na onyo lilifika. Ukaguzi wa kampuni haukuigundua sehemu hiyo kwenye mfumo uliovamiwa. Taarifa za watu wapatao milioni 147 ziliibwa, na mwaka 2019 kampuni ikakubali kulipa angalau dola milioni 575. Desemba 2021, kasoro ya Log4j ilipotangazwa, makampuni mengi duniani yalianza kwa kutafuta kama wanayo au hawana.

Wapo watakaosema hiyo ni kazi ya fundi. Ni kweli, lakini hasara ni ya mwenye mali. Kwenye Debian amri ya dpkg -l hutoa orodha kwa dakika chache. Kwenye jamii ya Red Hat ni rpm -qa. Amri hizo hazionyeshi maktaba zilizofungwa ndani ya programu yenyewe, hivyo aliyeitengeneza naye atoe orodha yake. Kisha zilinganishwe tarehe: PHP 7.4 iliacha kuhudumiwa Novemba 2022, na CentOS 7 Juni 30, 2024.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde. Ushirika wenye majina na namba za simu za wakulima haumo nje ya sheria hiyo.

Ushauri ni mmoja: ankara ya mwaka ya seva isilipwe kabla fundi hajakabidhi orodha yenye tarehe. Asiyeweza kuitoa hajui anachokiuza.