Tufundisheni na Lile Dirisha Jeusi

Mwaka jana nilikwenda TP shule moja ya kata huko juu, upande wa Kibosho, ambako asubuhi ya mwezi wa saba unavaa sweta mbili na bado chaki inakuponyoka. Nilipangiwa Jiografia na Kiswahili. Siku ya tatu mkuu wa shule alinikuta ofisini naandika andalio la somo kwenye laptop ya kuazima. Akasimama mlangoni. "Madam, kumbe kompyuta unazijua! Basi kile chumba ni chako."

Ndivyo nilivyopewa ufundi, bila usaili wala barua.

Chumba chenyewe kilikuwa na kompyuta 18 za msaada, kuukuu, zimewekwa Ubuntu kwa sababu Windows mpya zilikuwa zinazizidi nguvu. Kila wiki kazi ni zilezile. Peleka zoezi kwenye kila mashine kwa flash, ondoa mafaili ya wiki iliyopita, jioni zima moja moja kabla umeme haujakuzimia. Kidato cha tatu walikuwa 126, na kila mmoja alitakiwa awe na folda yake. Bofya kulia, folda mpya, andika jina. Mara 126. Jumamosi mbili zimeishia hapo, aisee, na majina yenyewe ni ya Kichaga, ukikosea herufi moja mtoto anakuambia huyo siye yeye, ni binamu yake wa kidato cha pili.

Nikamlalamikia rafiki yangu anayesoma mambo ya kompyuta hapa mjini. Akacheka, halafu akanitumia mstari mmoja kwa WhatsApp:

while read jina; do mkdir "$jina"; done < majina.txt

Maana yake: maadamu kwenye orodha kuna jina la kusoma, lisome, fungua folda ya jina hilo, rudi tena. Nilifungua lile dirisha jeusi ambalo siku zote nilidhani ni la wadukuzi wa kwenye sinema, nikaandika, nikabonyeza Enter. Folda 126 kabla sijapepesa macho. Sikufurahi, nawaambia ukweli. Nilikasirika. Miaka miwili na nusu ya kusomea ualimu, na kozi ya kompyuta nimefaulu vizuri tu, hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kitu hiki kipo.

Kozi yetu mnaijua. Word, Excel, PowerPoint, halafu kwenye UE unaulizwa utaje vifaa vitano vya kuingizia taarifa. Tunafundishwa kuwa watumiaji wa kompyuta moja. Shuleni hukuti kompyuta moja, unakuta chumba. Na shule nyingi za kata hazina mtu wa IT. Mtu wa IT ni mwalimu mgeni na kijana kuliko wote, yaani mimi na wewe. Baada ya Sensa ya 2022 vile vishikwambi vilivyotumika kuhesabia watu viligawiwa kwa walimu. Vifaa vinafika. Anayejua kuvitunza vikiwa vingi ndiye hayupo.

Nikaendelea kujifunza usiku, bando la usiku likiwepo. Ili kupeleka zoezi kwenye mashine zote bila flash niliandika mzunguko unaohesabu kuanzia anwani inayoishia 101 hadi 118, na kila anwani inapokea nakala. Siku ya kwanza ulinidai nywila mara 18. Kumbe kuna kutengeneza ufunguo mara moja, mashine zikakutambua. Na kabla ya hapo ilinibidi nizunguke na flash kusakinisha ile programu ya kupokelea kwenye kila kompyuta, kwa sababu pale hakuna intaneti. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba ni uchawi. Unafanya kazi ngumu mara moja ili usiifanye kila Ijumaa.

Kilichonikosha zaidi ni ule mstari uliosimama, |, wanaouita paipu. Unachukua jibu la amri moja na kulimiminia amri inayofuata. Wazo lake lilibuniwa na Douglas McIlroy wa Bell Labs, likaingizwa kwenye Unix mwaka 1973. Lakini mtu aliyekulia huku mlimani ameshauona: ni mfongo. Maji yanatoka korongoni, yanapita kwa huyu, anakata kidogo kwenye migomba yake, yanateremka kwa jirani. Hakuna anayebeba ndoo. Mwalimu wa taaluma alikuwa anahesabu A ngapi, B ngapi, F ngapi kwa kuchora vistari kwenye karatasi, darasa zima, somo kwa somo. Tukachukua faili la matokeo, amri moja ikakata safu ya madaraja, ya pili ikayapanga, ya tatu ikahesabu. Mzee akaangalia skrini, akarudia kwa vistari vyake kuhakikisha, akakuta amekosea yeye D moja. Akasema haya ni mambo ya vijana, akaenda kunywa chai.

Sasa niwaambie upande wa pili, maana sitaki mtu aseme nimeuza biashara.

Wiki ya sita niliandika skripti ya kusafisha mafaili ya zamani. Ndani yake kulikuwa na mstari wa kufuta kila kilichomo kwenye folda ya darasa: rm -rf $darasa/*. Ila mimi niliandika $darsa. Herufi moja. Kompyuta haikunisahihisha. Haikujua $darsa ni nani, ikaweka utupu mahali pake, na amri ikasomeka: futa kila kitu kuanzia mzizi. Mistari ya "Permission denied" ikaanza kumiminika. Hiyo ilikuwa ni mashine inakataa kujifuta yenyewe kwa sababu sikuwa nimeweka sudo. Ila vitu vyangu mwenyewe haikuvikatalia. Nilipobonyeza Ctrl+C, kazi za wanafunzi za wiki mbili nilizokuwa nimezikusanya hapo zilikuwa zimekwenda, na alama za kidato cha tatu pamoja nazo.

Alama nilikuwa nazo kwenye daftari. Kazi za watoto hazikuwa kwenye daftari. Nilisimama mbele ya darasa nikasema nimezifuta mimi, si virusi, si umeme. Kimya. Halafu kuna binti mmoja, ambaye kuchapa kwake ni kidole kimoja na ukurasa wake ulimchukua vipindi vinne, akauliza kama anaweza kuja Jumamosi.

Ndiyo sababu nasema tufundishwe, tusiokoteze. Rafiki yangu alinipa kisu lakini hakunionyesha makali yako upande gani. Baada ya kuumia ndipo nikajua kwamba kuna mstari, set -u, unaoisimamisha skripti ikikuta jina isilolijua. Na kwamba unaweza kutanguliza neno echo mbele ya amri ya kufuta, ikakusomea kwanza itakachokifanya bila kukifanya. Kipindi kimoja cha dakika 80 kingetosha. Naomba nusu ya muhula tu, tupunguze PowerPoint.

Wengine mtasema lugha. Kweli, makosa yanakuja kwa Kiingereza. Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishaonyesha kwamba inawezekana: mradi wao wa Kilinux ulitoa OpenOffice ya Kiswahili mwaka 2004. Ila kwenye dirisha jeusi naona hata Mwingereza hana upendeleo mkubwa. Grep ni neno la nani? Yeye na mtoto wa Kibosho wote wanalikariri. Na yale majina unayobuni mwenyewe, jina, darasa, alama, mashine inayapokea kwa Kiswahili bila shida.

Wengine mtasema laptop hamna. Mimi pia sina, na boom linaishia kwenye chakula. Kuna programu ya bure inaitwa Termux, inakaa kwenye simu ya Android. Mizunguko yangu mingi nimeijaribu humo, ndani ya daladala.

Wiki iliyopita mwalimu wa taaluma, yule mzee wa mambo ya vijana, amenitumia ujumbe. Shule imepata kompyuta tatu zaidi. Amefungua skripti yangu mwenyewe, akabadilisha 118 ikawa 121, na zoezi limefika kote isipokuwa kwenye 120. Anauliza amekosea wapi. Nimemwambia, shikamoo mwalimu, hapo hujakosea kitu, kaangalie waya.