Mgonjwa wa tezi dume aelezwe mashine na madhara yake



Natoa maoni yangu kuhusu tiba ya mionzi kwa saratani ya tezi dume.

Hapa Morogoro Mjini, kuanzia Msamvu hadi Mji Mpya, wazee wakizungumzia maradhi haya ubishi huwa mmoja: mashine ipi inaponya na ipi inaunguza. Wapo wasemao kobalti ni ya zamani, heri kubaki nyumbani na mizizi. Wengine hudhani mashine ya LINAC haina madhara kabisa. Kwa maoni yangu pande zote mbili zinapotoka, na upotofu huu waweza kugharimu maisha ya mtu.

Ukweli ni kwamba mashine ya kobalti hutoa mionzi kutoka katika madini yaliyowekwa ndani yake. Nguvu ya madini hayo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka mitano na ushei. Yakichakaa, mgonjwa hulala chini ya mashine muda mrefu zaidi ili apate kipimo kile kile. LINAC hutengeneza mionzi kwa umeme. Mionzi yake hupenya ndani zaidi, na huweza kukingwa pembeni ili ifuate umbo la tezi. Hilo ni muhimu, kwani tezi dume imejificha ndani ya nyonga, juu yake kibofu na nyuma yake njia ya haja kubwa. Lakini LINAC inadai umeme wa uhakika na mafundi hodari, wakati kobalti ni ngumu na imetibu watu wengi duniani.

Madhara nayo yasemwe wazi. Mgonjwa anaweza kukojoa mara kwa mara na kwa maumivu, kuharisha na kuchoka. Mengi ya hayo hupungua wiki chache baada ya tiba kwisha. Mengine huweza kuja baada ya miezi au miaka, kama damu kwenye choo na kupungua kwa nguvu za kiume. Mashine inayolenga vizuri hupunguza madhara, haiyafuti. Aidha, mionzi ya nyonga hainyonyoi nywele za kichwa, na aliyepigwa mionzi ya nje habaki nayo mwilini. Anaweza kupakata wajukuu wake bila hofu.

Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, iliitegemea kobalti kwa miaka mingi, na mwaka 2018 ikapata LINAC. Hatua hiyo ni ya kupongezwa. Faida yake nyingine ni idadi ya siku. Utafiti wa Uingereza uliotolewa mwaka 2016, uliohusu wanaume zaidi ya 3,000, ulionyesha kuwa mionzi ya siku 20 inayolengwa vizuri haikushindwa na ile ya siku 37 katika kuzuia saratani, na madhara ya baadaye yalikaribiana. Kwa mkulima wa Mgeta, hizo ni wiki nne badala ya zaidi ya saba za kulipia chumba na chakula mjini Dar es Salaam huku bustani yake ikiota magugu. Treni ya umeme iliyoanza mwaka 2024 imefupisha safari, lakini mtu anayekojoa kila mara hawezi kwenda na kurudi kila siku.

Hivyo nashauri mambo mawili. Kwanza, kila mgonjwa anayepewa rufaa kutoka mikoani apewe karatasi ya Kiswahili chepesi inayoeleza mashine atakayotumia, siku atakazokaa, madhara ya kutegemea na dalili za kumrudisha kwa daktari haraka. Pili, pale daktari anaporidhika kuwa mashine na hali ya mgonjwa vinaruhusu, wanaotoka mbali wafikiriwe kwanza kwa tiba ya siku chache.

Nanyi wazee wenzangu, tuache kubishana vijiweni. Tumwulize daktari, hata lile la nguvu za kiume, tena mke akiwepo. Saratani haingoji tumalize ubishi.

Mzee Msomaji,
Morogoro Mjini.