Hesabu ya Umeme si Siri ya Mafundi

Liko neno linenwalo sana vijijini mwetu tangu nguzo za umeme zilipofika na mabamba ya kunasa jua yalipopandishwa juu ya mapaa: kwamba hesabu za umeme waachiwe mafundi. Anenaye hivyo hujiona mwenye busara, kwa kuwa umeme waua, na asiyejua asiguse. Sisi walimu twakubali kwamba asiyejua asiguse. Lakini kukatazwa kugusa si kukatazwa kujua. Asiye mganga hachanji mtu, walakini ajua kwamba maji machafu huleta maradhi. Neno hilo twalipinga, na hoja zetu ni hizi.

Kwanza, hesabu yenyewe ni nyepesi. Volti ni kipimo cha msukumo wa umeme. Ampea ni kipimo cha mkondo upitao katika waya. Omu ni kipimo cha ukinzani, yaani jinsi waya au chombo kiuzuiavyo mkondo. Na wati ni kipimo cha nguvu itumikayo. Gawanya volti kwa ampea, utapata omu. Zidisha volti kwa ampea, utapata wati. Tuseme jiko la umeme lapata volti 230, nalo lavuta ampea 10. Ukinzani wake ni omu 23, na nguvu yake ni wati 2,300. Likiwaka saa moja limekula uniti 2.3, maana uniti moja ni wati 1,000 kwa muda wa saa moja. Kwa umeme uo huo, taa ya wati 10 ingewaka saa 230. Mama mwenye nyumba ajuaye hayo hana haja ya kuuliza ni nani aliyekula fedha zake za umeme.

Pili, ujinga huu huunguza nyumba. Watu huchukua waya mwembamba wa kurefushia umeme, wakachomeka humo jiko, kisha pasi, kisha birika. Tuseme waya huo, kwenda na kurudi, una nusu omu. Ukipita mkondo wa ampea 10, waya wenyewe hula volti 5, na volti 5 mara ampea 10 ni wati 50, zote joto. Ukipita mkondo wa ampea 20, waya hula volti 10, na joto lake ni wati 200. Angalieni basi: mkondo umezidi mara mbili, joto limezidi mara nne. Jambo hili Bwana James Joule wa Uingereza alilitangaza mwaka 1841, na mpaka leo wako wadhanio kwamba kuongeza chombo kimoja ni kuongeza joto kidogo tu. Tena fyuzi ikikatika, wengine huweka mahali pake kipande cha waya mnene ili isikatike tena. Hao ni sawa na mtu amfungaye mbwa wake kinywa usiku ili asimsumbue kwa kubweka.

Tatu, ujinga huu hupoteza mali hata pasipo moto. Chombo cha volti 12 chenye ukinzani wa omu 6 huvuta ampea 2, na nguvu yake ni wati 24. Mwenyewe akikiunga na betri kwa waya mrefu mwembamba wenye omu 2, ukinzani wote umekuwa omu 8, na mkondo umeshuka kuwa ampea moja na nusu. Chombo kitapata volti 9 tu, na nguvu yake itakuwa wati 13.5. Naye hulaumu betri, akaenda kununua nyingine, na kosa li katika waya!

Watatuambia kwamba hesabu hizi zina masharti. Naam, zinayo. Taa ya zamani ya uzi mwembamba ikiwa baridi ina ukinzani mdogo kuliko ikiwaka, na mashine yenye mota katika umeme wa nguzo haihesabiwi kwa volti na ampea peke yake. Hayo ndiyo kazi ya fundi, nasi twamheshimu. Lakini sharti la hesabu si sababu ya kuiacha hesabu.

Na ninyi walimu wenzetu, lawama nyingine ni juu yetu. Watoto huimbishwa kanuni hii kama kasuku, wakachora na pembetatu yake, wala hawajapata kuona betri, waya na kipimo mezani. Bwana Georg Ohm, ambaye omu imepewa jina lake, alizaliwa Ujerumani mwaka 1789, mtoto wa fundi makufuli. Naye alikuwa mwalimu wa shule mjini Cologne alipojaribu waya za urefu mbalimbali na kupima mkondo wake. Kitabu chake cha mwaka 1827 wengi walikidharau, hata mwaka 1841 Waingereza walipompa nishani. Kanuni ilitoka mikononi mwa mwalimu aliyepima. Je, itafaa ifie midomoni mwa walimu wasiopima?

Basi, wasomaji, kila chombo kina kibao kidogo chenye volti na wati zake. Kisomeni kabla ya kukichomeka, mkagawanye wati kwa volti mjue ampea zake, kisha mkamwulize fundi kama waya wenu waweza kuzichukua. Fundi mwema atafurahi kuulizwa. Naye achukiaye swali hilo, msimkabidhi nyumba yenu.