Siku ya Waandishi Wanawake: Nani Atapika?

Chama chetu cha Kiswahili kimeleta shauri kwamba Siku ya Fasihi ya mwaka huu iwe ya waandishi wanawake. Vitabu vitakavyosomwa, mashairi yatakayoghaniwa na michezo itakayochezwa vitakuwa kazi za wanawake, na baadaye patakuwa na mazungumzo juu ya kutunga na afya ya moyo. Shauri hili limezusha maneno mengi mabwenini na hata katika chumba cha kulia chakula. Wako wanaolipenda, na wako wanaosema kwamba ni upendeleo, tena ni kuwapotezea wakati watu wanaongoja mtihani wa mwezi wa Novemba. Mimi ni mmoja wa wanaolipenda, lakini nalipenda kwa sharti, na sharti lenyewe ndilo nitakalo kulieleza hapa.

Kwanza niwajibu wanaoliita upendeleo. Tazameni vitabu ambavyo vidato vingi vya Tanzania vimevisoma kwa miaka mingi: Ngoswe cha Edwin Semzaba, Watoto wa Mama N'tilie cha Emmanuel Mbogo, Takadini cha Ben Hanson, na Wasakatonge cha Mohamed Seif Khatib. Ni vitabu vizuri, nami sina neno la kuvishutumu. Humo wamo wanawake wengi. Yumo Mama N'tilie auzaye chakula ili watoto wake wapate kuishi. Yumo Sekai aliyekimbia kijiji chake ili kumwokoa mwanawe. Yumo Mazoea, binti wa Mzee Mitomingi. Lakini vitabu vyote vinne viliandikwa na wanaume. Basi tumesoma habari nyingi za wanawake, ila ni mara chache tumesoma habari zilizoandikwa na wanawake wenyewe. Kuwapa siku moja katika mwaka mzima si upendeleo. Ni kulipa sehemu ndogo ya deni.

Huenda mtu akauliza, je, wanawake wenyewe wameandika nini? Wameandika tangu zamani. Bibi Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate alitunga utendi wake mnamo mwaka 1858, kabla babu zetu wengi hawajazaliwa. Mumewe, Bwana Mataka wa Siyu, alikuwa amekwisha kufariki mwaka 1856, na yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa. Utendi huo ni wosia kwa binti yake, nao unaanza kwa kumwita mtoto asogee karibu na wino na karatasi. Baadhi ya mausia yake, hasa yahusuyo utii wa mke kwa mumewe, yanaweza kubishaniwa leo, na ni vema tuyabishanie siku hiyo. Hata hivyo hakuna awezaye kukana kwamba mama huyu, alipoona nguvu zinampungukia, hakutaka maneno yake yapotee. Katika utendi huo huo anamwomba Mungu amponye na awalinde watoto wake. Nadhani alipata faraja katika kutunga, kama vile binti yake alivyopata faida katika kusikiliza.

Mfano wa pili ni Bibi Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880. Alikuwa muuza vyungu, naye hakujua kusoma wala kuandika. Lakini mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay, na sauti yake ikatiwa katika sahani za santuri, ikasikika pwani yote na bara. Alifariki mwaka 1950. Habari za maisha yake tunazipata katika wasifu ulioandikwa na Shaaban Robert, nasi twamshukuru sana kwa kazi hiyo. Lakini fikirini: kama binti Saad angalifundishwa kuandika, huenda leo tungalikuwa na kitabu kilichotoka mkononi mwake mwenyewe.

Kwa nyakati za karibu yuko Penina Muhando, aliyetupa michezo ya Hatia mwaka 1972, Nguzo Mama mwaka 1982, na Lina Ubani mwaka 1984. Yuko Zainab Burhani na riwaya yake ya Mwisho wa Kosa. Yuko Zainab Alwi Baharoon, ambaye Mungu Hakopeshwa yake ilipata Tuzo ya Mabati-Cornell ya mwaka 2018. Kwa hiyo hatutakosa cha kusoma.

Sasa nafika penye sharti langu. Ndugu zangu wavulana husema, "Karatasi zinauzwa dukani, kalamu zinauzwa dukani, nani aliyewakataza wasichana kuandika?" Ni kweli, hakuna aliyetukataza. Lakini kuandika hakutaki karatasi na kalamu tu, kunataka na nafasi. Wakati wa likizo msichana akirudi nyumbani huanza na maji, akaingia jikoni, akaosha vyombo, akamwogesha mdogo wake, na hapo ndipo usiku unapoingia. Kaka yake naye hutumwa, sikatai, lakini kwa kawaida yeye akirudi hukuta chakula mezani na daftari lake pale pale alipoliacha. Mwandishi hahitaji akili peke yake. Ahitaji pia saa ambayo hakuna mtu anayemwita.

Nasi hapa shuleni tumekwisha kuona jambo hilo hilo. Katika sherehe zetu zilizopita, wageni wakiwa ukumbini wanasikiliza mashairi, wasichana wengi walikuwa nje wakichambua mchele, wakimenya viazi, wakiandaa meza za wageni na kuosha sahani. Wengine waliingia ukumbini wakati wa kufunga. Basi nauliza: siku hiyo ya waandishi wanawake, nani atapika? Ikiwa tutasifu kazi ya Penina Muhando ukumbini, na huku msichana ambaye labda angekuwa Penina wa kesho yuko nyuma anakwangua sufuria ya pilau, tutakuwa tumefanya mzaha.

Nakuja kwenye habari ya afya. Wako wanaocheka wakisikia kwamba kutunga kunahusiana na afya. Na wasome habari za Tuseme. Mpango huo ulianzishwa mwaka 1996 na walimu wa sanaa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo huyo huyo Penina Muhando, ambaye sasa hujulikana pia kwa jina la Penina Mlama. Wasichana wa shule za sekondari walichunguza wenyewe matatizo yaliyowazuia kusoma, wakayatungia michezo na nyimbo, wakaicheza mbele ya walimu na wenzao, kisha watu wote wakajadiliana. Jambo ambalo msichana hakuthubutu kumwambia mtu ofisini, aliweza kulisema jukwaani kwa kinywa cha mhusika. Mpango huo baadaye ulienea katika nchi nyingine za Afrika.

Tena huko Marekani, mwaka 1986, James Pennebaker na Sandra Beall walitoa habari za uchunguzi wao. Waliwataka wanafunzi wa chuo kikuu waandike kwa dakika 15 kila siku kwa siku 4 mfululizo. Baadhi waliandika habari za mambo yaliyowaumiza sana na jinsi walivyojisikia; wengine waliandika mambo ya kawaida tu. Katika miezi iliyofuata, wale walioandika maumivu yao walikwenda kwa daktari mara chache zaidi kuliko wenzao. Sisemi kwamba daftari ni dawa ya kila ugonjwa. Mtu mwenye huzuni isiyokwisha na amwone matroni au mwalimu wa ushauri. Wala mtu asilazimishwe kusoma siri yake mbele ya watu ili apigiwe makofi. Nasema tu kwamba moyo nao una taka zake, na mtu asiyepata pa kuzitolea huchoka.

Kwa wanaohofia mtihani nina jibu fupi. Swali la insha limo katika mtihani huo huo, na maswali ya fasihi pia. Mtu anayeandika ukurasa mmoja kila juma hatatetemeka mbele ya karatasi nyeupe mwezi wa Novemba. Kalamu hunolewa kwa kuandika.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. La kwanza, siku hiyo kazi za jikoni na za mezani zigawanywe sawasawa, wavulana kwa wasichana, kwa zamu, kusudi kila mtu apate kusikiliza sehemu ya mchana. Kumenya viazi si kazi ngumu, na mikono ya wavulana haina kasoro. La pili, siku hiyo ikiisha tusikunje mikono hadi mwakani. Tupewe saa moja kila Jumamosi alasiri, chumba kimoja cha darasa, kimya, kwa kila apendaye kuandika, awe msichana au mvulana. Na kazi bora zitiwe katika gazeti hili. La tatu nawaomba ninyi wazazi wetu mtakaosoma maneno haya: binti yenu akija likizo, mpeni saa moja ya mchana iliyo yake mwenyewe. Maji yatatekwa, vyombo vitaoshwa, na kaka yake yupo.

Mwana Kupona alimwita binti yake asogee na wino na karatasi. Tuliopo leo wino tunao, karatasi tunazo. Tunaomba nafasi ya kuketi.