Mwenye Nyumba Mpya wa Temeke na Kinondoni

Kwa muda wa miaka 24 kiongozi wa TANU, na baadaye wa CCM, hakuruhusiwa kuwa na nyumba ya kupangisha. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliihesabu nyumba ya namna hiyo pamoja na hisa za makampuni na mishahara miwili, kuwa ni mambo yasiyolingana na dhamana ya uongozi. Mwaka 1971 Serikali ikatwaa huko Bara majumba ya kupangishwa ambayo thamani yake ilifikia shilingi 100,000, yakawekwa mikononi mwa Msajili wa Majumba. Kisha, mwezi Februari 1991, Halmashauri Kuu ya Taifa ya CCM ilikutana hapa Zanzibar na miiko ile ikalegezwa. Kilichokuwa aibu kikawa halali, na baada ya muda mfupi kikawa ndiyo ndoto ya kila mtumishi anayekaribia kustaafu.

Hatuyasemi haya ili kumlaumu mtu. Tunayasema kwa sababu yanaeleza jambo moja ambalo wengi hawalitazami: nchi yetu ina wenye nyumba wengi, lakini haina desturi ya wenye nyumba. Kizazi kinachojenga leo hakikurithi maarifa ya kazi hiyo kwa wazee wake. Hata sheria imewapungukia, kwani ile ya mwaka 1984 iliyodhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, na mpaka leo wenye nyumba na wapangaji wanategemea vifungu vya jumla vya Sheria ya Ardhi, ambavyo wachache wamevisoma.

Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wamo katika msafara huu kwa wingi. Mfanyabiashara wa Kariakoo akipata faida, au mtumishi akilipwa kiinua mgongo, huvuka bahari kwenda kutafuta kiwanja Mbagala, Chamazi, Kigamboni au Bunju, maana Magomeni na Temeke ya ndani zimekwisha kujaa. Tangu Daraja la Nyerere lifunguliwe mwaka 2016, Kigamboni nayo si ng'ambo tena. Mzanzibari ni raia wa Tanzania, na hakuna sheria inayomzuia kumiliki ardhi huko. Lakini ardhi si jambo la Muungano. Huku tunafuata sheria yetu ya mwaka 1992. Kule inatumika Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999, iliyoanza kufanya kazi mwaka 2001. Anayevuka na mazoea ya huku pasipo kuuliza ya kule atajikuta amenunua maneno.

Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote, na tunaomba msomaji atuvumilie tukikaa kidogo. Karatasi anazoonyeshwa mnunuzi huko pembezoni mwa mji ni za aina tatu, na haziko sawa. Kuna hati ya haki ya kumiliki, inayotolewa juu ya kiwanja kilichopimwa. Kuna leseni ya makazi, ambayo ni kibali cha muda kwa mtu aliyejenga katika eneo lisilopimwa. Na kuna karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa Serikali ya Mtaa. Ya tatu ndiyo ya kawaida kabisa, na ndiyo dhaifu kabisa. Muhuri wa Mwenyekiti wa Mtaa unashuhudia kwamba watu wawili walikutana na fedha zikahesabiwa. Haushuhudii kwamba muuzaji alikuwa na kitu cha kuuza. Yafaa mnunuzi aende mwenyewe katika ofisi ya ardhi ya Manispaa, aulize kiwanja hicho kimepangiwa matumizi gani katika ramani ya mipango miji. Tena amwulize muuzaji habari za mkewe, au za mumewe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mtu kuuza wala kupangisha nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na ununuzi ambao mke hakuutia saini umeshawafikisha wengi barazani.

Asiyeamini na akumbuke Kimara. Mwaka 2017 mamia ya nyumba yalibomolewa kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kuelekea Kiluvya, kwa kuwa yalikuwa ndani ya hifadhi ya barabara. Nyingi zilikuwa na umeme na maji, na wenyewe walidhani bili hizo ni ushahidi wa umiliki. Kabla yake, bonde la Msimbazi lilifurika Desemba 2011, na baadhi ya waathirika wakahamishiwa Mabwepande. Mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016 tingatinga likarudi bondeni, upande wa Kinondoni. Katika habari za namna hii huhesabiwa hasara ya mwenye nyumba peke yake. Mpangaji aliyekwisha kulipa pango la miezi sita mbele hatajwi.

Tuje kwenye hesabu, ambazo wajenzi wetu wengi hawazipendi. Tuchukue mfano wa nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, yenye ukumbi katikati na uwa nyuma, iliyogharimu shilingi 40,000,000 pamoja na kiwanja. Tuseme kila chumba kinapangishwa kwa shilingi 50,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba atajipongeza kwamba anapata shilingi 3,600,000 kwa mwaka. Lakini Serikali inadai asilimia 10 ya pango, yaani 360,000. (Lugha yetu imetuchezea hapa: anachotoa mpangaji kinaitwa kodi, na anachodaiwa mwenye nyumba nacho ni kodi, wengine wameisikia ile ya kwanza tu.) Ongeza kodi ya jengo 18,000, matengenezo ya paa na rangi pamoja na gari la kunyonya choo, tuseme 400,000, posho ya msimamizi 300,000, na chumba kimoja kukaa kitupu miezi minne, 200,000. Kinachobaki ni shilingi 2,322,000. Kwa mwendo huo fedha zake zitarudi baada ya miaka 17 na zaidi. Mtu aliyestaafu akiwa na miaka 60 na apige hesabu hiyo kabla ya kununua tofali la kwanza, sembuse kukopa benki.

Mwenye nyumba anayekaa Unguja ana mtihani mwingine, nao ni umbali. Wengi humwachia dalali kila kitu. Dalali ana kazi yake, ya kuleta mpangaji, na ujira wake umezoeleka kuwa pango la mwezi mmoja, unaolipwa na mpangaji. Kwa hiyo faida yake ipo katika kuhama kwa watu, si katika kukaa kwao. Mwenye nyumba anamtaka mpangaji atulie. Dalali anamtaka aondoke ili aje mwingine. Kumfanya dalali kuwa msimamizi wa nyumba ni kumkabidhi fisi bucha. Afadhali jirani mwaminifu, au mpangaji mkongwe anayepunguziwa pango kwa kazi hiyo.

Kuhusu mkataba, sheria inakubali upangaji usiozidi mwaka mmoja hata ukiwa wa mdomo. Sisi tunashauri uandikwe, ijapokuwa ni ukurasa mmoja tu, ukitaja pango, tarehe ya kulipa, nani anatengeneza bomba likipasuka, na taarifa ya muda gani itatolewa na anayetaka kuvunja. Asiyelipa asifungiwe mlango kwa kufuli wala asing'olewe bati. Apewe notisi, na akikaidi, Kinondoni na Temeke zina Mabaraza ya Ardhi na Nyumba ya Wilaya kwa kazi hiyo. Na kama uwezo upo, kila chumba kiwekewe mita yake ya umeme. Tumeona nyumba ambamo watu sita hawasemezani kwa sababu ya pasi ya mmoja wao.

Mita hiyo inatuleta kwenye jambo linalowahusu wakuu wa Serikali. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa katika umeme wa LUKU, kwanza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu 2023 shilingi 1,500. Kodi hiyo ni deni la mwenye nyumba. Anayenunua umeme ni mpangaji. Serikali ilieleza kwamba wawili hao wapatane, fedha hizo zipunguzwe katika pango. Tunauliza: mpangaji wa chumba kimoja Tandika, aliyelipa miezi sita mbele kwa dalali asiyemjua mwenye nyumba, atapatana na nani? Kiasi ni kidogo, ni kweli. Ila kuna wenye nyumba ambao kwa utaratibu huu wameacha kabisa kuchangia mji unaowalisha.

Kubwa zaidi ni hili pango la miezi sita, au mwaka mzima, linalodaiwa kwa mkupuo kutoka kwa mtu anayelipwa mshahara kila mwezi, ama asiye na mshahara kabisa. Mara kwa mara limezungumzwa bungeni na wizarani kwamba iko haja ya sheria mpya ya upangaji, na mara kwa mara mazungumzo yamepoa. Hatudai kujua yaliyomo nyoyoni mwa watu. Hata hivyo wanaopaswa kuiandika sheria hiyo, na wanaopaswa kuipitisha, wengi wao ni wenye nyumba tangu mlango ule ulipofunguliwa mwaka 1991. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 inawataka waorodheshe mali zao mbele ya Kamishna wa Maadili, zikiwemo nyumba hizo. Tunapendekeza kwamba siku muswada wa upangaji utakapojadiliwa, kila atakayesimama kuuzungumzia ataje kwanza idadi ya vyumba anavyopangisha, ndipo atoe hoja yake juu ya miezi mingapi mpangaji alipe mbele. Kwa upande wetu tunaona mitatu inatosha.